Lango la Buluu, Muulize Hajati

Jumatatu, 6 Oktoba

"Kipande kikijengwa vizuri mara moja, hakiguswi tena." Maneno ya Kizito, leo asubuhi, mbele ya ofisi nzima, akiwa na andazi mkononi.

Uongo. Mlango hujengwa vizuri, mvua ikinyesha ukavimba ukakwama. Sheria hurekebishwa. Kanzu ya Idi hupanuliwa kadiri tumbo linavyokwenda. Kitu pekee kisichoguswa tena ni maiti, na hata maiti huoshwa kwanza.

Sikusema la maiti. Nilisema la kanzu. Furaha, mwenzetu wa ofisini, alicheka. Kizito hakucheka.

Ubishi wenyewe ni huu. Kazi yetu hapa Nakivubo, ghorofa ya tatu juu ya maduka ya vipuri, ni kutengeneza fomu za kwenye simu. Hatutengenezi kila fomu upya. Tuna ghala la vipande: kipande cha jina, cha tarehe, cha namba ya simu, cha anwani. Akija mteja, iwe shule au duka la keki, tunachukua vipande, tunavipanga, simu inavichora, fomu imezaliwa. Ukibadilisha kipande ghalani, kinabadilika katika kila fomu kilimochomekwa. Ndiyo raha yake. Kizito, mkuu wetu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, anaiona raha tu. Mimi naona na mlango wa balaa.

Kinachoniudhi hasa ni kipande cha anwani. Kinadai jina la barabara na namba ya nyumba. Bila namba hupiti. Tulikinunua kikiwa tayari, kutoka kwa watu ambao barua huwafuata mlangoni. Nina miaka hamsini na minne Kampala. Sijawahi kupata barua mlangoni. Nimewahi kupata mbuzi, polisi na maji ya mvua.

Jumanne, 7 Oktoba

Dada Mwanaidi amepiga simu kabla sijavaa viatu. Choo cha Bwaise kimejaa. Hasemi kinakaribia. Kimejaa, na mvua ndiyo kwanza zimeanza.

Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja wakwe. Rehema, binti yangu wa pekee, anatambulishwa. Watu wa upande wa mume watafika na kanzu zao na vikapu vyao, watakaa chini ya mahema, watakula, watakunywa. Wakishakunywa wataulizia choo. Na shughuli haiwezi kufanyika kwangu Luzira, vyumba viwili vinavyotazamana na ukuta wa gereza. Lazima iwe pale Bwaise anapoishi dada, nyumba ya marehemu baba, na mbele lazima awe ssenga, shangazi wa binti, ambaye ndiye dada huyu. Amehiji, amezika waume wawili, haogopi mtu.

Magari makubwa ya kunyonya vyoo hayaingii kichochoro kile. Kampuni moja tu ina gari dogo. Kampuni hiyo ilifuta namba yake ya simu siku ilipozindua fomu.

Fomu tumeitengeneza sisi. Niliipanga mimi, kwa vidole hivi.

Dada anasema imemkataa. Kwenye namba ya nyumba aliandika "haina". Ikawa nyekundu. Akaandika "lango la buluu". Nyekundu. Akaandika "ulizeni mtu yeyote". Nyekundu.

"Sudi," akaniambia, "mashine yako imeniona mimi mwongo."

Nimeona aibu. Halafu hasira. Hasira inabebeka zaidi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimempa Kizito kisa cha dada. Alikisikiliza mpaka mwisho, hilo nimkubalie. Kisha akasema, "Mzee Sudi, mimi nina namba ya bosi yao. Nimpigie, gali ije leo?" Ni Muganda wa damu. R na l kwake ni watoto wa mama mmoja.

Nimekataa. Sitaki upendeleo, nataka haki. Mwenye ndugu ofisini atanyonyewa choo. Na yule mama wa watoto sita kando ya mfereji, asiye na ndugu popote, atakwenda wapi? Fomu iliyomkataa dada yangu imeikataa Bwaise nzima. Niliyasema haya nikiwa nimesimama. Nilitaja na mapinduzi mawili.

"Sawa, Mzee," akasema. "Lakini choo haisomi vitabu."

Jibu zuri. Linaniuma mpaka sasa.

Mwisho wa siku akaja mezani kwangu. Kama naweza kujenga kipande bora, nijenge. Sharti moja: kipande kimoja, fomu zote. Hataki viraka. Nimekubali. Sharti lake nalipenda kuliko anavyojua.

Jioni Rehema, ambaye hana msimamo wowote, alimpigia ssenga wake akamshauri aandike tu: Barabara ya Bombo, namba 1. Fomu ikakubali. Ikashukuru. Inaukataa ukweli, inaupokea uongo kwa tabasamu. Nimesoma vitabu vizima juu ya serikali za namna hiyo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Ofisi imefungwa. Redio ya jirani inapiga bendi ya polisi tangu alfajiri. Nimejenga kutwa, kwa furaha ambayo sijaionja muda mrefu.

Visanduku vitatu. Unatokea wapi? Utaona nini? Ukipotea, umuulize nani?

Hakuna namba. Hakuna barabara. Mtu wa Kampala huelekeza kwa vitu, na nusu ya vitu hivyo havipo tena. Palipokuwa na sinema. Pale walipobomoa. Kwa yule mama wa chapati, lakini alihama, wewe pita tu. Na mwisho wa kila elekezo pana jina la mtu. Njia zetu hazimaliziki kwenye nyumba, zinamalizika kwa mtu. Kisanduku cha tatu ndicho fahari yangu. Hakuna ghala lolote duniani lenye kisanduku hicho.

Ili watu waelewe mara moja, nimeweka mfano ndani ya visanduku. Wa kweli, si Fulani bin Fulani. Unatokea: Barabara ya Bombo. Utaona: palipokuwa na kinu cha mahindi, kisha lango la buluu. Ukipotea, muulize: Hajati Mwanaidi.

Nimeusoma kwa sauti. Unapendeza kama shairi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Furaha amekijaribu kipande. Ni Mkongo, kazi yake ni kuzijaribu fomu kabla hazijatoka, na kwa ajili yake ofisi nzima inazungumza Kiswahili, kila mtu na chake. Amekisifu. Halafu: "Papa Sudi, hii mfano itajifuta yenyewe, ao mtu ndiye atafuta?"

Nikamjibu kwamba mfano ni mwalimu, na mwalimu hafutwi. Nilikuwa nimeshachukua kofia yangu kwenda kuswali. Haraka na maneno mazuri havikai pamoja, nimeliona hilo kwa wengine.

Dada amepata ujumbe kutoka gari la choo: "Namba 1 haionekani. Tutatafuta tena."

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua usiku kucha. Bwaise maji yamefika kizingitini yakarudi. Dada anakwenda choo kwa jirani. Jirani ameanza kuitikia salamu kwa kuchelewa.

Rehema ananiuliza kwa nini nisimruhusu Kizito apige simu tu. Nimemweleza tofauti ya haki na fadhila. Akaondoka katikati ya maelezo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ushindi. Asubuhi nimekiweka kipande changu ghalani mahali pa kile cha zamani. Kabla ya chai kilikuwa kimeingia katika fomu zote za wateja wetu: shule, duka la keki, wauza magodoro, wauza vifaranga, chama cha kuzikana. Mji mzima unaulizwa swali la kistaarabu.

Nikasimama nikasema kwamba kipande hiki, tofauti na vya wengine, hakitahitaji kuguswa tena.

Kizito aliinua kichwa. Akatabasamu. Akarudi kwenye kazi yake. Sikuelewa kilichomfurahisha.

Mchana nikaifungua fomu ya magari ya choo nifurahi. Namba ya nyumba. Bado! Nikamvaa Kizito. Akanionyesha mkataba: mteja yule peke yake anataka kila badiliko lisainiwe na mkurugenzi wake, na mkurugenzi amesafiri mpaka mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo kila fomu mjini imepata kipande changu, isipokuwa ile niliyokijengea.

Nimekula chakula cha mchana peke yangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Habari njema ofisini. Watu wanazijaza fomu kwa kasi isiyowahi kuonekana. Hawakwami popote. Hata Kizito amekiri. Nimemwambia ndivyo inavyokuwa mtu akiulizwa kwa lugha ya nyumbani kwake.

Dada amepiga. Ameletewa keki kubwa ya ghorofa mbili, yenye maandishi: Hongera Afande kwa Kustaafu. Ana uhakika ni wakwe, wameanza kuleta zawadi mapema.

"Wana adabu," anasema, "hata kama hawakuisoma keki."

Choo: hakuna gari.

Jumatano, 15 Oktoba

Dada tena. Magodoro mawili. Boksi la vifaranga. Alfajiri gari la shule lilimpigia honi langoni mpaka akatoka na kumwambia dereva kwamba yeye shule alishamaliza. Vifaranga amewaweka sebuleni kwa sababu ya mvua.

Anawasifu wakwe mpaka mtaa mzima unasikia. Mimi nimefadhaika. Kumbe familia ya kijana ina uwezo kuliko tulivyoambiwa. Nitawapokea kwa nini, ndizi? Nimeanza kuandika hotuba ya Jumamosi juu ya ubadhirifu katika ndoa za siku hizi. Kurasa nne. Ni kali.

Rehema anasema mchumba wake hajui habari ya magodoro. Nimemwambia vijana huwa hawaambiwi mambo.

Dada ametumiwa ujumbe mwingine na dereva wa choo: "Nimefika mwanzo wa Bombo nikaanza kuhesabu nyumba. Hakuna inayojiita 1. Samahani."

Jumamosi inakaribia. Ninaiota harufu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote nilizowahi kulipwa mshahara.

Asubuhi Furaha amekuja mezani kwangu, taratibu, kama anayeleta habari ya mgonjwa. "Papa Sudi, angalia majibu ya watu." Nikaangalia. Barabara ya Bombo, palipokuwa na kinu, lango la buluu, Hajati Mwanaidi. La pili: Barabara ya Bombo, kinu, lango la buluu, Hajati Mwanaidi. La tatu. La kumi.

Watu hawakuwa wakijaza haraka. Hawakuwa wakijaza kabisa. Walikuta visanduku vimejaa, wakafikiri mashine inajua wanakoishi, wakabonyeza tuma. Mfano wangu sikuuandika kwa rangi hafifu nyuma ya kisanduku, unaopotea ukianza kugusa. Niliuweka ndani kama jibu. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Na kwa kuwa kipande ni kimoja, nimelifanya kosa hilo katika mji mzima kwa mara moja. Kila kilichoagizwa Kampala kupitia kwetu tangu Jumatatu kimeelekezwa kwa dada yangu.

Isipokuwa gari la choo.

Sijamaliza kulielewa hilo, simu ikalia. Jirani wa dada, analia. "Ndugu Sudi, pole sana. Hajati wetu ametutoka."

Nilikaa sakafuni. Kizito ndiye aliyeninyanyua.

Dada alikuwa sokoni, ananunua vitunguu. Kilichotokea nimekijua baadaye. Chama cha kuzikana kina kikosi cha akina mama wapishi: pakitokea msiba wanatumwa na masufuria, kuni na mikeka. Mtu wa Luzira alitoa taarifa ya msiba wa baba mkwe wake na hakugusa visanduku. Kikosi kikashushwa kwenye lango la buluu. Wakamuulizia Hajati Mwanaidi kama walivyoagizwa. Hayupo. Nyumba wazi, vifaranga sebuleni, keki imekatwa nusu. Wakatazamana. Msiba upo, wa kuulizwa hayupo. Basi ni yeye. Wakatandika mikeka, wakawasha moto, wakaanza kulia. Majirani wakawaunga mkono.

Dada aliporudi na vitunguu alikuta kwake kuna msiba. Anasema aliingia akakaa kwenye mkeka akalia na wenzake. Ilipita muda, akamuuliza mama wa kando yake, "Nnyabo, kwani amekufa nani?"

"Hajati Mwanaidi, bambi, maskini. Alikuwa mwema sana."

"Mwema kiasi gani?"

Anasema alikaa kidogo asikilize kabla ya kujitambulisha. Alitaka kujua watu wanasemaje. Hajaridhika. Walisifu mapishi yake tu.

Msiba wa kweli, wa Luzira, ulipikiwa na majirani. Wamezika kwa heshima. Niliwapigia nikaomba radhi. Mjane alinijibu kwa upole. Upole wake umenikata kuliko matusi yote ambayo ningestahili.

Lakini balaa halikuishia hapo. Magharibi baba wa mchumba alinipigia. Amesikia msiba wa ssenga. Anatoa pole. Kwa desturi hakuna utambulisho katika nyumba yenye tanga, kwa hiyo Jumamosi ameifuta, tutazungumza mwaka kesho inshallah. Rehema alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakulia. Alinitazama tu, kama mtu anayesoma fomu.

Nikamwambia mzee yule kwamba ssenga yu hai. Akasema, ndiyo, kwenye nyoyo zetu.

Ikabidi dada mwenyewe ampigie. Mzee alikata simu mara mbili kabla ya kumuamini. Mara ya tatu dada alimwambia, "Ssebo, mimi nimekufa, sawa. Lakini ukikosa kuja Jumamosi nitakuja mimi kwako." Amekubali kuja.

Choo kimejaa. Wageni watakuja. Nimeyafanikisha yote mawili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimefika ofisini kabla ya mlinzi hajafungua. Nimekitoa kipande changu ghalani, nimekirekebisha, mfano sasa uko nyuma, hafifu, kama kivuli. Furaha amekijaribu kwa simu sita. Kila alichouliza nilikifuata. Hakuna aliyenitania, na hilo ndilo lilikuwa zito.

Kisha nikamwendea Kizito. Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu yenye vifungu. Nikasema, "Mpigie bosi wao. Tafadhali."

Akachukua simu. Hakusema "nilikuambia". Nilisubiri aseme, nimjibu. Hakusema. Ni ukatili wa aina yake.

Bosi wao alisema gari dogo limetoka tangu asubuhi, na simu ya dereva imezimwa. Kesho Jumamosi hawafanyi kazi.

Basi. Nimeshindwa kwa haki, nimeshindwa na kwa fadhila. Nikapanda boda kwenda Bwaise kumweleza dada uso kwa uso. Njiani nilipanga kukodi mapipa, kuchimba shimo, kuhamisha ukoo.

Kwenye kichochoro boda akasimama. Hapapitiki. Kuna gari mbele limeziba njia nzima. Dogo, la kijani, na bomba mgongoni.

Nikashuka, nikajibana ukutani, nikapita.

Langoni nikamkuta mtu mrefu, kofia mkononi, amesimama mbele ya dada kama mbele ya mkuu wa jeshi. Anaitwa Okot, ndiye dereva wa gari lile. Polisi mstaafu wa kutoka Kaskazini. Miaka ya zamani alipangwa kituo cha huku, na dada ndiye aliyekuwa akiwapelekea maaskari chai na chapati. Alfajiri ya leo alisikia mjini kwamba Hajati amefariki. Akazima simu kwa heshima, akaja moja kwa moja kuzika, na gari la kazi.

"Mimi nasikia Mama amekufa," ananieleza, "mimi nasema hapana, kwanza naenda kuona. Nafika hapa, Mama mwenyewe ananiuliza kwa nini sijanyoa ndevu!"

Nikamuuliza alijuaje nyumba. Akanishangaa. "Hii nyumba? Nani hajui hii nyumba?"

Nikamuonyesha simu ya dada. Barabara ya Bombo, namba 1. Akaisoma. Akaisoma tena. Akageuka akalitazama lango la buluu, kisha akanitazama mimi.

"Namba moja ni hapa? Afande! Mimi natafuta namba moja mpaka tairi zimelia. Kwa nini hamkuandika tu kwa Mama?"

Nikamrudishia dada simu yake, mimi mwenye majibu ya kila kitu.

"Acha kuuliza mzee maswali," dada akamwambia. "Choo iko nyuma. Shuka na bomba."

Mngurumo wa lile gari ni muziki mtamu kuliko bendi yoyote ya Uhuru. Nilisimama karibu. Harufu sikuisikia.

Wale akina mama wa chama hawajaondoka. Dada amewazuia. "Mmeshanililia, masufuria mnayo, moto upo. Menyeni ndizi." Wanamenya. Baadhi bado wanamtazama kwa shaka akipita.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wamekuja. Mvua imengoja.

Dada alitokea mbele amevaa gomesi ya zambarau, gauni lake la shughuli. Wanawake wawili wa upande wa mume walisoma dua ya kinga. Baba wa mchumba alimshika mkono muda mrefu, akihakikisha una joto.

Hotuba yangu juu ya ubadhirifu niliiacha mfukoni. Magodoro na vifaranga wameshafuatwa na wenyewe. Keki haikuwa na cha kurudishwa. Duka limemtengenezea yule Afande nyingine, nami nimeilipia. Nikasema maneno machache tu: binti huyu ni wangu, huyu ni ssenga wake, karibuni. Rehema alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Naona ndiyo hotuba yangu pekee aliyowahi kuisikiliza mpaka mwisho.

Okot alialikwa. Alikula sahani tatu. Mkwe alimuuliza yeye ni nani katika ukoo. Dada akadakia, "Huyu? Huyu ndiye aliyekuja nilipokufa."

Choo kiliulizwa mara nyingi. Nilikuwa naelekeza mwenyewe. Pita nyuma, utaona pipa la maji, ukipotea muulize Hajati.

Jumapili, 19 Oktoba

Kimya. Mahema yameshushwa. Rehema amelala mpaka mchana. Kutoka dirishani ukuta wa gereza umelowa, na kuna kaloli mmoja juu yake, korongo mla taka, ametulia kama karani.

Dada amepiga asubuhi. Hana shida yoyote. Alitaka kusema choo ni kizuri. Kisha akasema wale akina mama, walipokuwa wakimlilia, kuna mmoja alisema Hajati alikuwa na mdogo wake mmoja, mkali, msomi, lakini akiitwa huja. "Hilo nililipenda," akasema. Akakata.

Nimefikiri juu ya Kizito. Alisema kipande kikijengwa vizuri hakiguswi tena. Nikampinga Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata nikasimama nikalisema lile lile kwa kiburi zaidi. Bado amekosea. Mimi nimekosea zaidi. Kesho nitamwambia yote mawili, kwa mpangilio huo.

Fomu ya gari la choo bado inadai namba. Mkurugenzi hajarudi.

Daftari hili halisomwi na mtu. Hata hivyo siwezi kulala bila kudai jambo, ndivyo nilivyoumbwa. Kwa hiyo: ninyi mnaojenga fomu za mji huu, wewe Kizito, wewe Furaha, wewe Sudi kuliko wote, na wewe mkurugenzi unayesafiri. Wiki hii, kabla hamjagusa kitu chochote ghalani, njooni Bwaise. Fungueni fomu yenu na mje kwa maneno yaliyomo humo tu. Msipige simu. Msichukue boda anayeijua nyumba. Njooni kwa namba yenu.

Mkichoka kuzunguka, muulizeni Hajati. Yu hai, na ndizi zimebaki.